Jinsi ya Kuendesha Mjadala wa Kikundi Unaopima Thamani ya Uhifadhi: Mwongozo Kamili

Mtu akiulizwa akiwa peke yake angetoa kiasi gani ili ardhi oevu fulani isikaushwe, kwa kawaida hujibu. Kupata jibu si kazi. Kazi ni kujua kama jibu hilo lilikuwepo kabla ya swali, au limezaliwa dakika ileile kwa sababu mgeni mwenye karatasi amesimama mbele yake akisubiri. Katika utafiti mmoja maarufu wa Marekani, makundi matatu ya watu yaliulizwa wangelipa kiasi gani ili ndege wa mwituni wasizame kwenye mabwawa ya mafuta machafu. Kundi la kwanza liliambiwa watakaookolewa ni ndege 2,000, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu ulikuwa dola 80, 78 na 88. Ndege wameongezeka mara mia, fedha zimebaki palepale. Waliojibu hawakuwa na upungufu wa akili. Waliombwa bei ya kitu ambacho hawakuwahi kukaa wakakitafakari, na hawakupewa mtu wa kukitafakari naye.

Hapo ndipo mjadala wa kikundi unapoingia. Mwongozo huu ni kwa kamati za uhifadhi, watafiti, maofisa wa mazingira na yeyote anayetaka kujua jamii inauthamini vipi msitu, mto, pwani au mbuga yake kabla uamuzi haujafanywa. Naweka msimamo wangu mapema: mjadala hauchimbui thamani iliyokwisha kulala kichwani mwa mtu. Mjadala huijenga. Kwa hiyo namna unavyouendesha ni sehemu ya kipimo chenyewe. Ukiuendesha ovyo, utakachopima si thamani ya msitu bali ukubwa wa sauti ya mtu mmoja.

Mjadala hubadilisha nini

Usitarajie kwamba watu wakizungumza thamani itapanda kila mara. Katika utafiti wa Visiwa vya Solomon uliochapishwa mwaka 2011, kiasi ambacho watu walisema kwanza wako tayari kulipia huduma kuu za msitu wa tropiki, yaani faida ambazo msitu huwapa watu, kilifikia asilimia 30 ya kipato cha kaya. Baada ya mijadala ya vikundi, huduma zile muhimu zikawa hazina bei tena: watu walikataa kuzibadilisha kwa fedha, iwe kidogo au nyingi. Uskoti mambo yalikwenda upande wa pili. Utafiti wa mwaka 2002 kuhusu uhifadhi wa mabata bukini wa mwituni uliwakutanisha watu mara mbili, wiki moja ikipita katikati, wakapata muda wa kuulizana maswali na kwenda kufikiri nyumbani. Kiasi walichotaja kilikuwa chini sana kuliko cha watu waliohojiwa mmoja mmoja. Sioni mgongano hapo. Kule msitu ulikuwa uhai wa kaya zenyewe. Huku watu walipata nafasi ya kujiuliza kama kweli wangelipa, na kwa mambo mangapi mengine.

Mabadiliko hayo hutokana na mambo kadhaa yanayofanya kazi kwa pamoja. Lililo dhahiri ni habari: mvuvi anajua mahali samaki wanapotagia, mkulima anajua mwaka kisima kilipokauka, na kila mmoja hudhani wengine wote wanajua. Lisiloonekana kwa urahisi ni nafasi anayoishika mtu anapojibu. Akiwa peke yake hujibu kama mnunuzi: mimi nitapata nini? Akiwa na wenzake huanza kujibu kama raia: sisi tufanye nini? Mwanafalsafa Mark Sagoff wa Marekani ameitetea tofauti hii kwa miaka mingi, akisema maswali ya mali ya umma yanahitaji raia wanaojadiliana, kwa sababu kujumlisha matakwa ya wanunuzi hakuyajibu.

Halafu kuna uzito wa kuamua mbele ya watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanasaikolojia Kurt Lewin alijaribu kuwashawishi akina mama wa Marekani wapike nyama za ndani, kama moyo na figo, ambazo hawakuwa na mazoea nazo. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu ndio walioipika mojawapo. Waliojadiliana wakaamua katika kikundi, asilimia 32. Habari walizopewa zilikaribiana sana. Yeyote anayetegemea mabango na hotuba peke yake katika elimu ya uhifadhi angefaa kuzitazama namba hizi mbili kwa makini.

Hatua ya 1: Andika swali moja linaloweza kujibika

Swali la "mazingira yana thamani gani?" halimsaidii mtu. Andika ni eneo lipi, litabadilika vipi, kwa muda gani, nani atagharamia na kwa njia gani. Eleza pia itakuwaje eneo likiachwa kama lilivyo, kwa sababu kila gharama hupimwa dhidi ya hali hiyo. Mfano: "Tukiacha kukata miti upande huu wa bonde kwa miaka 10, na kila kaya ikitoa siku kadhaa za kazi kila mwaka kulinda na kupanda, wewe ungekubali siku ngapi?"

Kipimo kisiwe fedha kwa sababu tu vitabu vinatumia fedha. Mahali ambapo fedha taslimu ni adimu, mtu anaweza kusema sifuri huku akiwa tayari kutoa siku 20 za jasho. Siku za kazi, sehemu ya mavuno, eneo ambalo mtu yuko tayari kuacha kulichungia au kupanga mambo kwa umuhimu, vyote ni vipimo halali. Chagua kimoja cha msingi, ongeza kingine cha kukipima nacho.

Na kabla ya kumwita mtu yeyote, hakikisha kuna uamuzi halisi unaosubiri majibu. Watu hunusa haraka mjadala ambao hauendi popote, na wakishagundua hutoa majibu ya adabu tu.

Hatua ya 2: Chagua nani akae na nani

Watu 6 hadi 10 kwa kikundi wanatosha. Wakizidi 12, watatu watazungumza na wengine watakuwa wasikilizaji. Ni afadhali vikundi sita vidogo kuliko mkutano mmoja wa watu 60, ambao ni mkutano wa hadhara na una kazi yake nyingine.

Ukiacha watu wajitokeze wenyewe, utawapata wanaopenda uhifadhi tayari pamoja na wanaouchukia, na walio katikati watabaki makwao. Kuchagua kwa bahati nasibu husaidia sana. Ayalandi ilipoitisha baraza la raia kuhusu upotevu wa bayoanuwai, mwaka 2022 hadi 2023, wajumbe 99 wa kawaida walichaguliwa kwa njia hiyo, wakafanya kazi pamoja na mwenyekiti wao, na mwishoni wakatoa mapendekezo zaidi ya 150. Kwa kikundi kidogo, bahati nasibu peke yake haitoshi: gawa kwanza watu kwa namna wanavyolitumia eneo, kisha chagua kwa bahati ndani ya kila fungu. Wale ambao uhifadhi utawagharimu moja kwa moja, yaani wachomaji mkaa, wachungaji, wavuvi na wenye mashamba mpakani, lazima wawemo. Kuwaacha nje ili mjadala uende vizuri ni dhuluma, na thamani itakayopatikana itakuwa ya watu wasiolipa.

Anza na vikundi vya watu wanaoweza kuzungumza bila kuogopana. Vijana peke yao, wanawake peke yao, wasio na ardhi peke yao. Ukishapata sauti zao, panga kikao cha pili cha mchanganyiko, kila kikundi kikileta hoja zake kwa wawakilishi wawili au watatu, ili asiyezoea kusimama mbele ya wakubwa asisimame peke yake.

Hatua ya 3: Pima kimya kimya kabla mtu hajafungua mdomo

Hatua hii hurukwa kuliko nyingine zote, na ikirukwa kazi nzima hukosa msingi. Usipojua mtu alisimama wapi kabla ya mjadala, hutajua mjadala ulimfanya nini.

Mpe kila mmoja karatasi yenye namba badala ya jina. Ajibu swali la msingi, aeleze sababu yake kwa sentensi moja, na aseme ana uhakika kiasi gani na jibu lake, kuanzia 1 hadi 5. Kwa wasiosoma, tumia kokoto au mbegu: kila mtu apewe 20, azigawe kwenye vikombe vyenye picha za mambo yanayoshindana, akiwa nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pembeni. Usiifanye hadharani. Mtu anayeona vikombe vya wenzake vimejaa upande mmoja hatapeleka kokoto zake upande mwingine kwa urahisi.

Kama una uwezo, tafuta pia kikundi cha kulinganishia kitakachopewa maelezo yaleyale bila mjadala. Bila hicho, huwezi kutenganisha nguvu ya habari na nguvu ya mazungumzo.

Hatua ya 4: Toa habari zilizokaguliwa na pande zote mbili

Ukileta maelezo yaliyoandikwa na wahifadhi peke yao, umekwisha kupiga kura kwa niaba ya washiriki. Fuata mfano wa jimbo la Texas, Marekani. Kati ya 1996 na 1998 makampuni ya umeme ya huko yaliendesha mijadala ya raia kuhusu vyanzo vya nishati, kwa utaratibu uliobuniwa na msomi James Fishkin. Vijitabu vya maelezo vilikaguliwa na watu wa misimamo inayopingana, na washiriki wakawahoji wataalamu wa pande zote. Walio tayari kulipa zaidi ili kupata umeme wa upepo na jua walipanda kutoka asilimia 52 hadi 84. Namba hizo zilipata nguvu ya kuaminika kwa sababu hakuna aliyeweza kusema maelezo yaliegemea upande mmoja.

Maelezo yasizidi kurasa mbili, au dakika 20 kwa mdomo. Ramani ni bora kuliko majedwali. Pale ambapo wataalamu hawana uhakika, washiriki waambiwe hivyo waziwazi. Waruhusu wamhoji mtaalamu, kisha mtaalamu aondoke. Akibaki chumbani kila mtu ataendelea kumtazama usoni kabla ya kusema.

Hatua ya 5: Mjadala wenyewe

Tenga saa mbili hadi tatu. Kaeni duara. Mwezeshaji mmoja, mwandishi wa kumbukumbu mmoja, na mwandishi asiwe mwezeshaji. Lugha iwe ile ambayo watu hugombana nayo nyumbani, maana humo ndimo hoja zao za kweli zilimo.

Usianze na bei. Ukianza na bei, kila kitakachosemwa baadaye kitakuwa utetezi wa namba. Anza na maisha: Eneo hili unalitumiaje? Limebadilika vipi tangu utoto wako? Ni kipi kikipotea huwezi kukinunua tena? Kila mtu apate zamu yake, dakika mbili mbili, bila kukatizwa. Mzunguko huu wa kwanza ni wa thamani kuliko unavyoonekana, kwa sababu mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe chumbani husema tena kwa wepesi zaidi.

Mkubwa kwa cheo au kwa umri asiwe wa kwanza kusema. Zungumza naye faragha kabla ya kikao, mwombe kwa heshima awape wengine nafasi na yeye afunge mzunguko. Wengi hukubali, na huwa wasikivu kuliko mtu anavyodhani. Akisema wa kwanza, kilichobaki kitakuwa ni kumuunga mkono.

Sasa ingia kwenye habari zilizofichika. Mwaka 1985 wanasaikolojia Garold Stasser na William Titus walionyesha kwamba vikundi hupoteza muda mwingi kwenye yale ambayo kila mtu anayajua tayari, huku jambo linalojulikana na mmoja tu likikosa nafasi, hata kama lingebadilisha uamuzi. Dawa yake ni swali la moja kwa moja kwa kila mshiriki: "Kuna jambo gani kuhusu eneo hili ambalo unadhani wenzako hapa hawalijui?" Kisha nyamaza, uvumilie ukimya. Katika hatua hii ndipo husikika habari za chemchemi ndogo, dawa ya mti fulani, kaburi la wazee ndani ya kichaka, au mpaka ambao haukuwahi kukubaliwa.

Baada ya hapo lete gharama. Nani anapoteza tukihifadhi? Nani anapoteza tusipohifadhi? Je, ni watu walewale? Usiache swali hili lipite kwa dakika tano. Watu wengi huwa hawajawahi kumsikia jirani yao akisema kwa mdomo wake kwamba kufungwa kwa eneo kutamwondolea mapato, na jirani huyo naye huwa hajasikia kwamba maji ya bondeni hutegemea mteremko anaoukata. Hapa thamani hugeuka, kwa sababu inapata sura ya mtu.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini utafiti unatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 1961 mtafiti James Stoner aligundua kwamba watu wakijadiliana huweza kuamua mambo ya hatari zaidi kuliko kila mmoja angeamua peke yake, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kanuni pana: kikundi chenye mwelekeo fulani husogea mbali zaidi kuelekea hukohuko. Wapenda msitu kumi wakikaa pamoja watatoka wakiupenda zaidi, na wanaouona ni kikwazo watatoka wakiuchukia zaidi. Hivyo kikao cha mchanganyiko ni cha lazima. Mwanasaikolojia Solomon Asch naye, katika majaribio ya miaka ya 1950, alionyesha watu wakikubali jibu lililo kosa waziwazi kwa sababu tu wengine wote wamelitoa. Lakini akipatikana hata mmoja wa kusema tofauti, shinikizo hilo hupungua sana. Mwezeshaji asisubiri huyo mmoja ajitokeze. Wape washiriki wawili kazi ya kutafuta udhaifu wa hoja inayoelekea kushinda, na wote wajue kwamba hiyo ni kazi waliyopewa, ili wasichukiwe.

Kuhusu anayekataa kabisa kutaja bei: mwache. Akisema "hili haliuzwi", hakuharibu zoezi. Uingereza, kwenye ardhi oevu ya Pevensey Levels, watu waliokwisha kujibu dodoso la utayari wa kulipa walikutanishwa kwenye vikundi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 walieleza jinsi walivyotaabika na suala la fedha na kwa nini hawakuona kwamba namba zao zinafaa kuamulia. Muulize kwa utulivu tu: ni kwamba gharama ni kubwa, humwamini atakayepokea fedha, au unaona ni kosa kulitia bei jambo hili? Majibu hayo matatu ni tofauti kabisa, na kuyaandika yote kama sifuri ni kupotosha.

Mwezeshaji hatoi maoni yake. Hata akiulizwa. Hata akiwa anaipenda misitu kwa moyo wote.

Hatua ya 6: Waache walale nalo, kisha pima tena

Kama inawezekana, gawa kazi katika vikao viwili vyenye siku kadhaa katikati. Mtu akirudi nyumbani huzungumza na mwenzi wake, hukumbuka madeni, hulipitia lile eneo kwa jicho jipya. Jibu la baada ya wiki ni zito kuliko la mwisho wa kikao, wakati wote bado wana joto la makubaliano.

Kura ya pili iwe ya siri kama ya kwanza, swali lilelile, kipimo kilekile, namba ileile ya karatasi. Baada ya hapo, na si kabla, uliza swali la kikundi: kiasi gani ni haki kwa kila kaya kutoa? Swali la haki na swali la utayari wangu mimi hayatoi jibu moja, na yote mawili yanahitajika.

Hatua ya 7: Soma matokeo bila kukimbilia wastani

Tuseme watu wanane walitaja siku za kazi kwa mwaka kabla ya mjadala: 0, 0, 2, 2, 4, 6, 10 na 24. Jumla ni 48, wastani ni 6. Baada ya mjadala: 3, 4, 4, 5, 5, 6, 6 na 7. Jumla ni 40, wastani ni 5. Ukiripoti wastani peke yake utasema mjadala umeshusha thamani ya msitu. Tazama namba ya katikati: imepanda kutoka 3 hadi 5. Waliosema sifuri hawapo tena. Aliyesema 24 ameshuka. Angalau watu wanne kati ya wanane wamepanda, na kilichopatikana ni kiwango ambacho kikundi kizima kinaweza kukibeba. Kwa kazi ya uhifadhi, hali hii ya pili ni imara kuliko ile ya kwanza, kwa sababu haitegemei mtu mmoja mwenye moyo mkubwa.

Kisha chunguza kama mabadiliko ni ya hoja au ya shinikizo. Linganisha yaliyosemwa hadharani na yaliyoandikwa kwa siri. Yakitofautiana sana, kuna woga. Angalia waliohama: kama ni wasio na nguvu peke yao, na wote wamehamia kwenye namba ya mwenye cheo, rudia kikao. Soma zile sentensi za sababu. Mtu aliyebadilika kwa hoja huandika jambo alilolisikia. Aliyebadilika kwa shinikizo huandika "nakubaliana na wenzangu". Kiwango cha uhakika nacho kinasema mengi: namba ikibaki ileile lakini uhakika ukapanda kutoka 2 hadi 4, mjadala umefanya kazi.

Kwa watafiti: vikundi vinane vya watu wanane si majibu 64 yanayojitegemea. Waliokaa chumba kimoja wameambukizana mawazo, kwa hiyo hesabu zako zikichukulie kikundi kizima kama kizio kimoja cha kuhesabia.

Hatua ya 8: Rudisha majibu yalikotoka

Ripoti ya tathmini ya thamani za maumbile iliyotolewa mwaka 2022 na IPBES, jopo la serikali mbalimbali kuhusu bayoanuwai, iliorodhesha njia zaidi ya 50 za kupima thamani, na ikaonyesha kwamba chini ya asilimia 5 ya tafiti zilizochapishwa hueleza kuwa matokeo yalitumika katika maamuzi. Inauma, ukifikiria saa ambazo watu waliacha shughuli zao wakaja kujibu.

Kwa hiyo panga mrejesho tangu siku ya kwanza. Ndani ya mwezi mmoja warudie washiriki na ukurasa mmoja: mlisema hivi kabla, hivi baada, na sababu zenu ni hizi. Waulize kama umewasikia sawasawa, usahihishe palipokosewa mbele yao. Ukurasa huohuo, ukiwa na maneno yao pamoja na namba zao, ndio uende kwa wanaoamua, na pamoja nao waende washiriki wawili waliochaguliwa na kikundi. Hoja zilizokataliwa ziandikwe pia, na waliokataa kutaja bei watajwe kwa idadi na kwa sababu zao.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya rasilimali za pamoja, alionyesha pamoja na wenzake kwamba watu wakiruhusiwa tu kuzungumza uso kwa uso huvuna kwa kiasi zaidi, hata pasipo mtu wa kuwaadhibu. Walipoweza kukutana tena na tena, walifanya vizuri zaidi kuliko walipokutana mara moja. Kabla hamjaachana, basi, kubalianeni tarehe ya kikao kijacho, nani atakiitisha, na ni kipimo gani kitatazamwa siku hiyo: kina cha maji, idadi ya miche iliyoshika, au siku za kazi zilizotolewa kweli zikilinganishwa na zile zilizoahidiwa.